Ulimi Unaocheza Bila Hiari: Msiagize Tetrabenazini Kiholela

Tangu kampeni ya matumizi sahihi ya dawa za afya ya akili ianze, tumepokea maswali mengi kutoka kwa ndugu wanaotaka kuagiza wenyewe kutoka nje tetrabenazini, dawa ya kupunguza misogeo isiyo ya hiari, kwa ajili ya wagonjwa waliotumia haloperidoli au flufenazini, dawa za magonjwa makali ya akili, kwa miaka na sasa midomo yao hutafuna bila chakula. Nia yao ni njema. Mama mmoja alinionyesha jinsi anavyomnywesha mwanawe chai kwa mrija, kwa kuwa ulimi hukisukuma kikombe kila kinapogusa mdomo.

Hayo si mapepo, wala si ugonjwa wa akili uliorudi; ni madhara ya dawa hizo. Ndani ya neva, protini iitwayo VMAT2 hupakia dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya neva, katika vifuko vidogo sana, ambavyo baadaye huimwaga kuelekea neva ya jirani. Haloperidoli huziba vipokezi vya dopamini, na inadhaniwa kwamba vikizibwa kwa muda mrefu huwa vyepesi mno kuitikia, ndipo misogeo isiyo ya hiari hutokea. Tetrabenazini, na valbenazini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa tatizo hili hasa, huzuia upakiaji huo. Vifuko hubeba dopamini kidogo na misogeo hupungua.

Lakini VMAT2 hupakia pia serotonini na noradrenalini, kemikali nyingine za ujumbe zinazogusa hisia, na ndiyo maana tetrabenazini hubeba onyo kali kuhusu sonona na mawazo ya kujiua, hasa kwa wagonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi unaoleta misogeo isiyo ya hiari. Haitumiki pamoja na dawa za sonona zinazozuia kimeng'enya cha MAO, wala kabla ya siku 14 kupita tangu ziachwe. Si dawa ya kujaribia nyumbani.

Dawa isiyosajiliwa nchini Tanzania huombewa kibali maalumu chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Ombi liambatane na maelezo ya daktari aliyesajiliwa, yakitaja mgonjwa, dawa, kipimo na idadi, na kibali kipatikane kabla mzigo haujasafirishwa, si ukishafika uwanja wa ndege. Mzigo usio na kibali unaweza kuzuiliwa na mwagizaji kushtakiwa, na tumeshachoka kueleza kwamba "ni ya matumizi binafsi" si kibali.

Msisimamishe haloperidoli ghafla pia, kwani misogeo inaweza kuzidi na ugonjwa wenyewe kurejea. Mpelekeni mgonjwa kwa daktari aliyemwandikia, mkiwa na pakiti zote anazotumia, pamoja na dawa za mitishamba.