Je, wajua kwa nini hatari ya Nairobi daima huwa iko mtaa wa pili?

Muulize mkaazi wa Umoja ni wapi Nairobi mtu hafai kutembea usiku, atakutajia Kayole. Wa Kayole atakunyooshea kidole kuelekea Dandora. Wa Dandora naye atashangaa umeuliza, maana kwake hakuna shida, shida iko ng'ambo ya mto, Korogocho. Wa Kilimani huwajumlisha wote hao kwa neno moja, Eastlando, akafunga mjadala. Ukitoka nje ya jiji, shangazi aliyeko Kakamega hachagui mtaa: anaiogopa Nairobi nzima. Na Mnairobi huyohuyo anayemcheka shangazi yake, siku akipata safari ya kikazi ya Johannesburg, atamuuliza kila aliyewahi kufika huko kama ni kweli mtu hathubutu kutoa simu barabarani.

Hili si la Wakenya peke yao. Kwa miongo kadhaa shirika la kura za maoni la Gallup limekuwa likiwauliza Wamarekani kama uhalifu umeongezeka nchini mwao, na kama umeongezeka pale wanapoishi. Karibu kila mara, wanaosema umeongezeka nchini huwa wengi kuliko wanaosema umeongezeka kwao. Na tangu mwaka 1993 uhalifu wa mabavu huko Marekani ulishuka kwa karibu nusu, huku miaka mingi walio wengi wakiendelea kusema unapanda.

Chanzo ni kwamba mtaa wako unaujua kwa miguu, na wa mwenzako unaujua kwa masikio. Anayeishi Dandora anajua kichochoro kipi kinapitika saa tatu usiku na kipi cha kuzungukwa. Yule kijana anayekaa pale kona kutwa nzima anamjua ni mtoto wa nani. Tahadhari zake zimekuwa mazoea kiasi kwamba hazihesabu tena kuwa ni hofu. Panda matatu jioni, ikwame kwenye foleni karibu na mzunguko wa Globe, uone: makanga hajamaliza kusema "wenye simu fungeni dirisha" na vioo vyote upande wa barabara vimeshavutwa. Anayekaa dirishani hata hakatizi mazungumzo yake, mkono unajifungia wenyewe. Ukimuuliza kama alikuwa hatarini, atakukodolea macho. Lakini mgeni aliyekaa kiti cha nyuma amekwisha kupata hadithi ya kupeleka kwao.

Na hadithi ndizo zinazosafiri. Mwaka 1973 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza kwamba binadamu akitaka kukadiria jambo hutokea mara ngapi, haendi kuhesabu; anatazama mifano inamjia akilini kwa wepesi gani. Ikija haraka, anadhani jambo ni la kila siku. Sasa fikiria ni mifano ipi ya Nairobi inayomjia haraka mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa: bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998, lililoua zaidi ya watu 200, shambulio la jumba la maduka la Westgate, Septemba 2013, watu 67, lile la hoteli ya DusitD2, Januari 2019, watu 21. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini, na hakuna mhariri atakayeandika kwamba jana karibu wote walifika nyumbani wakapika ugali. Siku hizi mambo yamezidi, kwa sababu ngeta moja, yaani mtu kukabwa shingo na kuporwa, ya River Road ikinaswa na kamera ya duka, hurudi kwenye simu yako kutoka makundi manne tofauti ya WhatsApp, kila kundi likidai imetokea leo na mahali pengine.

Hapo ndipo zinapoingia zile orodha za miji salama na miji hatari ambazo hutuwasha mtandaoni kila mwaka. Nyingi hunukuu tovuti ya Numbeo, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mladen Adamovic wa Serbia. Inavyofanya kazi ni hivi: yeyote anayeingia anaweza kujaza majibu kuhusu mji. Unaogopa kiasi gani kuvunjiwa nyumba? Kuibiwa gari? Unajisikiaje ukitembea peke yako mchana, na usiku? Majibu yanachanganywa, inatoka alama kati ya 0 na 100. Si hila, na tovuti yenyewe haifichi kwamba inapima maoni. Ila anayejibu ni yule mwenye bando, mwenye Kiingereza na mwenye nafasi ya kujaza fomu kuhusu wizi wa gari. Fundi wa jua kali wa Gikomba, ambaye hana gari la kuibiwa na anapita gizani saa kumi na moja alfajiri, hayumo.

Orodha nyingine, ile ya kampuni ya utafiti ya Economist Intelligence Unit, ilipima kitu tofauti kabisa. Ya mwaka 2021 ilitazama miji 60, Copenhagen ikaongoza, na ndani ya "usalama" zilitiwa hospitali, miundombinu, mazingira na ulinzi wa data. Mji unaweza kupanda kwa sababu ya mitaro mizuri. Watu hubishana kutwa mtandaoni, mmoja ameshika orodha ya woga na mwenzake ameshika orodha ya mitaro.

Basi si tuchukue takwimu za polisi tumalize ubishi? Hapo nako kuna kazi. Chukua wizi wa simu, ndio unaowapata Wanairobi wengi. Umenyang'anywa simu na pochi ya vitambulisho. Unaenda kituoni, unapanga foleni, afande anafungua kile kitabu kikubwa cha matukio, OB, na kuuliza: "Imeibwa ama imepotea?" Ukisema imeibwa, maswali yanaanza: nani, wapi, alivaa nini, kuna shahidi? Wewe unachotaka ni abstrakti tu, ile hati ya polisi, ukatengeneze kitambulisho kipya, na muda wa kazi unayoyoma. Unasema imepotea. Wengi hata hapo hawafiki. Kwa hiyo kitabu cha OB kinaweza kuonyesha mji wa watu wasahaulifu sana, na mji ambao watu wake wanawaamini polisi na kuripoti kila kitu ukaonekana mbaya kuliko ule ambao watu wamenyamaza.

Ndiyo maana wataalamu hupenda kulinganisha nchi kwa mauaji: maiti si rahisi kuificha kwenye vitabu. Kwa kipimo hicho Kenya huwa karibu na mauaji 5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Marekani mwaka 2021 ilipita 6. Afrika Kusini katika miaka ya karibuni imepita 40. Hizo ni hesabu za nchi, Nairobi ni sehemu tu, na mauaji hayasemi lolote kuhusu pochi yako. Hata hivyo, Mmarekani aliyeambiwa na jamaa zake mwaka huo wa 2021 asije Kenya atauawa, kwa kipimo hicho angekuwa ametoka penye hatari zaidi.

Nairobi haikusingiziwa bure, lazima tuseme hivyo. Jina la utani la Nairobbery lilishika wakati uporaji wa magari kwa bunduki ulikuwa habari ya kila wiki, na mwaka 2001 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia masharti ya kazi za watumishi wake iliiweka Nairobi daraja C, miongoni mwa miji isiyo salama duniani. Ajabu ni kwamba makao makuu ya UN-Habitat, shirika lenye mpango wa miji salama ulioanza mwaka 1996, yako hapahapa Gigiri. Tatizo la jina baya ni kwamba halitoki kwa kufagia. Bustani ya Michuki, karibu na Globe, kwa miaka mingi ilikuwa jaa la taka na maficho ya wezi. Ilisafishwa upya, na tangu 2020 watu wanapiga picha pale na watoto wanakimbia kando ya mto. Mtu aliyehama Nairobi kabla ya hapo ukimwambia mkutane hapo atadhani unamtega.

Kinachoamua tunavyojisikia barabarani mara nyingi hata si mwizi. Ni taa, uchafu, na kama kuna watu. Katika mji wa Newark, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 polisi walipelekwa kutembea kwa miguu katika baadhi ya mitaa ili ichunguzwe hilo linaleta nini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1981 yalionyesha kwamba uhalifu haukupungua, lakini wakaazi walijisikia salama zaidi. Unaweza kuuita udanganyifu. Mimi siuiti hivyo, kwa sababu anayejisikia salama hutoka nje, na mtaa wenye watu nje ni mtaa mwingine. Taa ni hadithi tofauti, zenyewe zinazuia pia. Huko New York, mnara wa taa ulipowekwa kwenye baadhi ya mitaa ya nyumba za umma mwaka 2016, makosa makubwa ya usiku ya nje yalipungua kwa karibu theluthi moja. Sisi hatukungoja utafiti huo. Minara mirefu ya taa ilipoanza kusimamishwa kwenye mitaa ya mabanda katika miaka ya 2000, watu waliibatiza mara moja: mulika mwizi.

Tembea mtaa wa Pipeline, Eastlando, saa mbili usiku. Mwenye mutura amewasha jiko, kuna taa ya duka la M-Pesa, mama mboga anakata sukuma, boda boda wanabishana juu ya mpira. Utabana simu yako, sawa, lakini hutakuwa peke yako. Kisha saa hiyohiyo tembea kwa miguu barabara fulani za Lavington: ukuta wa futi kumi huku, ukuta huku, waya za umeme juu, soja yuko ndani ya geti anasikiliza redio. Hata ukipiga kelele nani atafungua? Tumejenga kuta kwa sababu ya hofu, na barabara iliyobaki kati ya kuta inatisha kuliko soko la Eastlando. Mwenye gari haoni tofauti. Mfanyakazi wake wa nyumbani anayekimbilia matatu ya mwisho anaiona.

Na hofu haigawanywi sawa. Tafiti nyingi duniani zinaonyesha wanawake huogopa zaidi, ilhali wanaume vijana ndio hushambuliwa zaidi hadharani. Wapo wanaume wanaolitaja hilo kama ushahidi kwamba wanawake wanazidisha. Ila kwa mwanamke wizi wa pochi haujui utaishia wapi, na yanayompata stejini hayaandikwi popote. Novemba 2014 mamia ya wanawake waliandamana katikati ya Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na kundi la wanaume stejini, mchana, mbele ya umati. Huo wingi wa watu haukumlinda.

Tena hofu ya mtu mmoja huweza kuwa balaa la mwingine. Serikali ya Marekani, katika tahadhari zake za usafiri, kwa miaka imekuwa ikiutaja mtaa wa Eastleigh, pamoja na Kibera. Huo huo Eastleigh ndiko wafanyabiashara wa nchi jirani hushuka na mifuko mitupu wakapanda basi na marobota. Milipuko ya guruneti ya mwaka 2012 ilikuwa ya kweli, na wenyeji ndio waliokufa. Lakini Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wakiwa Wasomali, walikamatwa na wengi wao kupelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Jiji lote lilikuwa likitafuta usalama wake, na aliyeulipia ni mkaazi wa Section One, hapo Eastleigh, aliyetolewa kitandani.

Mahali ambapo hofu inachanganya hesabu waziwazi ni Thika Road. Barabara ile ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, na juu yake kuna madaraja ya waendao kwa miguu. Usiku wengi huyakwepa. Ukiuliza, wanakuambia huko juu kuna giza, mtu anaweza kukukaba ukiwa katikati na hakuna pa kukimbilia. Kwa hiyo wanavuka chini, mbele ya magari. Katika miaka ya karibuni, kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kwa hesabu ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kundi kubwa zaidi likiwa la wanaotembea kwa miguu, na mauaji yanayoripotiwa kwa polisi nchi nzima hayafiki idadi hiyo. Bado mtu akiulizwa kama stejini kwake ni salama, atakueleza kuhusu simu yake, lori hatalitaja. Wanaosaidia ni wachuuzi wanaotandaza soksi na chaja huko juu na kuwasha vitaa vyao: wakiwepo, watu hupanda ngazi. Kanjo, askari wa kaunti, nao huwafurusha, kwa sababu kuuza pale hakuruhusiwi. Daraja linabaki safi na pana, na kufikia saa mbili usiku watu wameanza tena kuruka vyuma kule chini.