"Amen": filamu ya ofisa wa SS aliyejaribu kusema

Nikifundisha mauaji ya kimbari ya Wayahudi kupitia filamu, huanza na "Amen" ya Costa-Gavras, ya mwaka 2002. Wanafunzi hujiandaa kuona maiti. Wanachoona ni treni: mabehewa ya mizigo yanakwenda milango imefungwa, yanarudi milango wazi, matupu. Yanapita tena na tena, na muda si mrefu darasa zima limeshaelewa.

Mhusika mkuu, Kurt Gerstein, alikuwepo kweli. Alikuwa mhandisi na Mprotestanti mwenye imani kali, akaingia SS, jeshi la chama cha Nazi, mwaka 1941. Alidai aliingia ili ajionee yanayotendeka ndani, maana jamaa yao wa upande wa ndoa, mgonjwa wa akili, alikuwa ameuawa Hadamar, hospitali ya Ujerumani ambako Wanazi waliua wagonjwa. Akapangiwa Taasisi ya Usafi ya SS, kazi yake kusafisha maji na kuua chawa kwa dawa. Dawa hizo ndizo zilizomfikisha kwenye Zyklon B, gesi ya kuulia wadudu ambayo Wanazi waliitumia kuulia watu kambini.

Agosti 1942 alipelekwa Belzec, kambi ya maangamizi huko Poland, akashuhudia watu wakiuawa kwa moshi wa injini. Siku hiyo injini iligoma. Aliandika kwamba alipima kwa saa yake: saa 2 na dakika 49, watu wamebanana mle ndani, wangali hai. Katika filamu anaitwa achungulie kwenye tundu la mlango. Kamera haichungulii naye, inabaki usoni pake. Sijaona mwongozaji aliyefanya uamuzi bora kuliko huo.

Ndani ya treni ya kurudi Berlin alikutana na Göran von Otter, mwanadiplomasia wa Sweden, akammwagia yote. Akaenda ubalozi wa Papa, akafukuzwa. Filamu inaeleza kwa nini aliyategemea makanisa: mwaka 1941 Askofu von Galen wa Münster alikuwa amekemea mimbarini mauaji ya wagonjwa, na Hitler akaamuru mpango ule usimamishwe, japo kwa siri mauaji yaliendelea. Basi makanisa yalijua kukemea. Hapo ndipo filamu inapouma.

Ninapotofautiana nayo ni kwa Padre Riccardo, mhusika wa kubuni kutoka tamthilia ya mwandishi Mjerumani Rolf Hochhuth ya mwaka 1963. Anajibandika nyota ya Kiyahudi kwenye kanzu yake na kupanda treni pamoja na Wayahudi. Ni msafi mno. Mtazamaji anamkimbilia yeye, Gerstein anapona maswali. Na ya Gerstein ni mazito: ankara za Zyklon B zilitoka kwa jina lake. Alisema shehena moja aliizika kwa kisingizio kwamba imeharibika. Je, zilizofuata? Mimi ningeibakiza kamera kwenye meza ile yenye ankara.

Vita vilipokuwa vinakwisha mwaka 1945 alijisalimisha kwa Wafaransa na kuandika ripoti yake. Julai alikutwa amekufa kwa kitanzi katika seli yake Paris. Mwaka 1950 baraza la Tübingen, Ujerumani, lililochunguza waliokuwa Wanazi, lilikubali kwamba aliwaonya watu, lakini likakataa kumsafisha: alijua kwamba kuharibu gesi kidogo hakuokoi mtu. Aliyekuja kumsafisha, mwaka 1965, ni Kurt Georg Kiesinger, kiongozi wa serikali ya Baden-Württemberg, ambaye naye alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi tangu 1933.