Je, wajua kwa nini kompyuta ya hospitali inaweza kukosa upasuaji uliofanyika kweli?

Mgonjwa katoka thieta salama na mshono unaonekana, lakini ukiitafuta oparesheni yake kwenye kompyuta ya hospitali huikuti. Au unaikuta ina tarehe nyingine, au jina la upasuaji ambao hakufanyiwa. Hospitali za umma nchini Tanzania zimekuwa zikihama kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye mifumo kama GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kutunza taarifa za hospitali, na wengi wetu tunaamini kilichomo kwenye kompyuta ndicho kilichotokea. Ukweli ni kwamba kompyuta hubeba tu kile mtu alichokiingiza, na mara nyingi anakiingiza saa kadhaa baada ya tukio.

Chukua zamu ya usiku katika hospitali yoyote ya Dar es Salaam inayopokea rufaa. Mama mjamzito analetwa kutoka kituo cha afya, uchungu umekwama na mtoto amechoka. Hapo hakuna wa kukaa kwenye kompyuta. Muuguzi anaandika kwenye daftari kubwa la thieta, kwa sababu lipo mkononi na halihitaji umeme wala nywila. Mtaalamu wa usingizi anajaza karatasi yake, na daktari anaandika maelezo ya upasuaji kwenye jalada. Kompyuta inangoja hadi asubuhi, na aliyeshuhudia yote anaweza kuwa ameshatoka zamu. Anayeingiza taarifa basi anasoma mwandiko wa mwenzake.

Hapo ndipo makosa madogo yanapoingia. Upasuaji ulianza saa tano na nusu usiku tarehe 14 ukaisha saa saba. Daftari litasema tarehe 14, kompyuta itasema 15. Na ile saa saba usiku, mtu aliyechoka akiandika 7:00 badala ya 1:00, upasuaji unahamia asubuhi. Majina nayo yana shida yake: Rukia wa daftari anakuwa Rukiya kwenye mfumo, Saidi anakuwa Said, na mtu mmoja anageuka wawili. Kisha kuna orodha ya kuchagua aina ya upasuaji. Anayeharakisha akichagua “kufungua tumbo” hajakosea, ila hajasema kama ilikuwa kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliotoboka au mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Mtu atasema, mradi mgonjwa amepona, kuna ubaya gani? Upo, tena mkubwa. Mama aliyejifungulia Temeke kwa upasuaji akibeba mimba nyingine na kwenda kliniki Mbagala, daktari anahitaji kujua mfuko wa uzazi ulikatwa vipi mara ya kwanza. Mkato wa kulala sehemu ya chini na mkato wa kusimama sehemu ya juu havina hatari sawa. Ule wa kusimama huongeza uwezekano wa mfuko kupasuka wakati wa uchungu. Kovu la nje haliwezi kumwambia, kwa sababu ngozi inaweza kuwa imekatwa upande mmoja na mfuko upande mwingine. Anayejua ni yule aliyeandika usiku ule.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba taarifa hazipotei kwa bahati nasibu. Upasuaji unaodaiwa kwenye bima huingizwa kwa uangalifu, maana bila taarifa kamili dai linarudi. Kidonda kilichooza siku ya nne wodini hakina ankara inayomlazimisha mtu akiandike. Kifo cha wodini nacho huandikwa kwenye daftari la wodi, na kisipounganishwa na oparesheni iliyotangulia, takwimu za thieta zinabaki nzuri kuliko hali halisi. Mwaka 2015 Tume ya Lancet ya Upasuaji Duniani ilipendekeza kila nchi ifikie oparesheni 5,000 kwa watu 100,000 kwa mwaka, na ihesabu pia wanaofariki baada ya upasuaji kabla ya kuruhusiwa. Hesabu hiyo ya pili haiwezekani kama thieta na wodi hazisomani.

Utafiti maarufu wa orodha ya usalama wa upasuaji, yaani mambo ya kuhakikisha kabla na baada ya kumpasua mgonjwa, uliochapishwa mwaka 2009, ulifanyika katika miji minane ikiwemo Ifakara yetu. Orodha ilipoanza kutumika, vifo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Tofauti hiyo ilionekana kwa sababu walikuwepo watu waliopewa kazi moja: kukusanya taarifa na kumfuatilia kila mgonjwa hadi aruhusiwe au zifike siku 30.

Sasa, mtu anajuaje kilichokosekana wakati hakipo? Kwa kulinganisha vyanzo viwili. Tuseme daftari lina oparesheni 80 za mwezi, kompyuta ina 60, na zinazoonekana kote kuwili ni 50. Kati ya 60 za kompyuta, daftari limenasa 50, yaani tano katika kila sita; basi 80 za daftari nazo huenda ni tano katika kila sita ya zote. Ukizidisha 80 kwa 60 ukagawa kwa 50 unapata zote: 96. Zilizoandikwa mahali popote ni 90 tu, kwa hiyo makadirio ni kwamba sita hazipo popote. Wataalamu wa idadi ya watu na wa wanyamapori wametumia hesabu hii kwa miaka mingi.

Ina sharti moja: vyanzo visitegemeane. Kama kompyuta inajazwa kwa kunakili daftari, lililosahaulika kwenye daftari litasahaulika na kwenye kompyuta, na hesabu itakudanganya kwamba mambo ni shwari. Ndiyo maana mkaguzi makini hutafuta maandishi ya mtu mwingine kabisa, aliyeandika kwa sababu nyingine: karatasi za usingizi, rejista ya damu iliyotolewa, au daftari la dawa zinazodhibitiwa kama pethidini, dawa kali ya maumivu, ambalo kila dozi inayotoka, hata saa tisa usiku, lazima isainiwe.