Wanakula chungu kimoja, kwa nini kolesteroli zao hazifanani?

Karatasi mbili za maabara zilikuwa juu ya meza ya mama mdogo, moja yake, nyingine ya mumewe. Mama mdogo ni mwembamba, mboga yake ni mchicha na dagaa, nyama anaigusa Jumapili. LDL yake, ile kolesteroli tunayoambiwa ni mbaya, ilisoma 5.8 (milimoli kwa lita). Ya baba mdogo, ambaye Ijumaa haimpiti bila nyama choma, ilisoma 2.6. Kwa mtu asiye na ugonjwa, chini ya 3 ndiyo huhesabiwa nzuri. Wawili hawa wamepakua chungu kimoja kwa miaka 24.

"Mwanangu, wewe unasoma haya mambo," akaniambia. "Nieleze nimekosea wapi."

Nikamjibu bila kusita: mayai. Alikuwa anakula moja kila asubuhi. Akaacha siku ileile. Baada ya miezi mitatu akapima tena, ikasoma 5.6.

Jibu langu halikuwa sahihi, na lilimfanya mtu mwenye nidhamu aone kama kuna kosa analolificha. Nataka kulirekebisha kwa kirefu, maana ndilo jibu ambalo wengi wetu tungelitoa.

Picha niliyokuwa nayo kichwani ni ya bomba la sinki. Unamwaga supu yenye mafuta, mafuta yanapoa, yanaganda ukutani mwa bomba, siku moja maji hayapiti. Kwa hiyo kolesteroli (wengine huiita lehemu) inaingia kwa mdomo, inaganda kwenye mshipa, mshipa unaziba. Picha hii ina makosa mawili, na yote mawili ni makubwa.

La kwanza ni mahali kolesteroli inakotoka. Sehemu kubwa ya iliyomo mwilini haikuingia kwa mdomo. Mwili wenyewe huitengeneza, karibu gramu moja kwa siku kwa mtu mzima, kwa sababu kila seli inaihitaji kujengea ukuta wake, na bila hiyo hatupati nyongo wala homoni za uzazi. Yai moja lina takriban miligramu 190, na utumbo haufyonzi zote. Tena, kwa watu wengi, ini likiona kolesteroli ya chakula imeongezeka, lenyewe hupunguza inayotengenezwa. Ndiyo maana mwaka 2015 mwongozo wa lishe wa Marekani uliacha kuweka kikomo cha miligramu 300 kwa siku, kikomo kilichokuwa kimewatisha watu mayai kwa miaka mingi. Si kwamba yai halina athari kabisa. Wapo watu ambao LDL yao hupanda wazi wakila mayai mengi, na kwa wenye kisukari matokeo ya tafiti yanapingana. Lakini kwa mtu mwenye 5.8, yai moja la asubuhi haliwezi kuwa maelezo.

Kosa la pili ni hilo bomba. Mafuta hayagandi juu ya ukuta wa mshipa; yanaingia ndani ya ukuta. Aliyekaa nyumba ya zamani ya mawe ya pwani anajua chumvi inavyofanya. Inapenya polepole, kwa nje ukuta unaonekana mzima, kisha lipu inavimba kidogo, inakuwa na kitumbo, ukigonga unasikia uwazi. Siku isiyojulikana inameguka. LDL nayo hupenya utando wa ndani wa mshipa na kunasa humo. Seli za kinga huja kuila, zinashiba kupita kiasi, zinafia humohumo, uvimbe unakua. Mshtuko wa moyo mara nyingi hutokea pale uvimbe unapopasuka, damu ikafika kwenye uchafu wa ndani na kuganda hapo kwa dakika chache. Mshipa uliokuwa na nafasi ya kutosha asubuhi unaweza kuwa umeziba adhuhuri. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kucheza mpira Jumamosi na kuzikwa Jumatatu, na mtaa mzima ukatafuta mchawi.

Sasa turudi kwenye swali. Kama mwili wa kila mtu hutengeneza kolesteroli, kwa nini ya mmoja hujaa kwenye damu na ya mwingine haijai? Jibu lilitoka Dallas, Texas, kuanzia mwaka 1973, kwa madaktari wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliokuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Walikuwa wakichunguza seli za watoto waliozaliwa na kolesteroli ya ajabu, watoto wa aina ambayo mshtuko wa moyo huwapata hata kabla ya kubalehe.

Chukua damu kuwa kisima, na LDL kuwa maji yaliyomo. Kila seli ya ini imesimama ukingoni na ndoo zake. Ndoo inashuka, inachota, inapandishwa, maji yanamwagwa ndani ya seli, ndoo inarudi kisimani. Ndoo hizo ndizo vipokezi vya LDL. Safari moja, kwenda na kurudi, huchukua kama dakika kumi, na ndoo moja hufanya safari zaidi ya mia kabla ya kuchakaa. Kina cha kisima hakitegemei mvua peke yake. Kinategemea sana ndoo ni ngapi.

Ukilishika hilo, jeni zinaeleweka. Kila mtu hurithi jeni mbili za kutengeneza ndoo, moja ya baba na moja ya mama. Mtu akirithi moja iliyoharibika, ini lake linafanya kazi na karibu nusu ya ndoo tangu siku anazaliwa, na LDL yake huwa karibu maradufu ya kawaida. Hali hii humpata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 duniani, na wengi wao hawajui. Wale watoto waliochunguzwa Dallas walirithi zote mbili zilizoharibika. Kwao kisima kilikuwa kinafurika.

Kisha likaja jambo ambalo mimi nikilisoma kila mara nalirudia. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa, wakifuatilia familia zenye kolesteroli ya juu ambazo jeni zao za ndoo zilikuwa salama, walikuta hitilafu kwenye jeni nyingine, PCSK9. Kazi ya protini yake ni kama ya mtu anayening'inia kwenye ndoo: ndoo aliyoishika hairudishwi tena kisimani, inapelekwa kuvunjwa. Katika familia zile mtu huyu alikuwa na nguvu kupita kiasi. Ndipo Jonathan Cohen na Helen Hobbs, nao wa Dallas, wakauliza swali la kinyume: je, kuna waliozaliwa ambao kwao mtu huyu ni dhaifu?

Wapo, na wengi wao ni wenye asili ya Afrika. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, kati ya Wamarekani weusi zaidi ya 3,300 waliofuatiliwa kwa miaka 15, asilimia 2.6 walikuwa na nakala iliyokatika ya jeni hiyo. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa chini kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata ikaripotiwa habari ya mama mmoja wa Zimbabwe aliyerithi nakala zote mbili zilizokatika: LDL yake ilikuwa 0.4, na alikuwa mzima, mwenye uwezo wa kuzaa. Dawa za sindano zinazomfunga mikono yule mvunja ndoo, zilizoanza kuidhinishwa mwaka 2015, zilitokana na watu kama hawa.

Kwa nini asilimia 28 izae 88? Kwa sababu ukuta wa mshipa unahesabu miaka. LDL iliyo chini kidogo tangu utotoni ina faida kubwa kuliko iliyoshushwa sana ukiwa na miaka 60, wakati lipu imeshavimba.

Na chakula je? Hapa ndipo nilipojifunza nilichopaswa kumwambia mama mdogo siku ile. Chakula kinagusa zilezile ndoo, ila kwa mlango mwingine. Mafuta yaliyoshiba, yaani samli, siagi, mafuta ya ng'ombe, ya mgando, kwa kiasi mawese, na pia mafuta ya nazi hata kama joto letu la pwani huyafanya maji, hulifanya ini lishushe ndoo chache. Mafuta ya alizeti au karanga yakichukua nafasi yao, ndoo huongezeka. (Kuhusu tui, nisingekuwa mkali: majaribio mengi yalitumia mafuta ya nazi yaliyokamuliwa, si tui la kupikia maharage.) Nyuzi zinazoyeyuka za maharage, kunde na shayiri nazo hunasa nyongo utumboni na kutoka nayo, ini likitaka kutengeneza nyongo mpya linahitaji kolesteroli, na ili kuipata linashusha ndoo zaidi. Hata vidonge vya statini hufanya hivyohivyo: vinazuia ini kutengeneza kolesteroli yake, likabaki na kiu, likachota kwenye damu.

Mama mdogo aliacha yai, lakini mchicha wake ulikuwa unaungwa kwa vijiko vitatu vya mafuta ya mgando. Sikuwahi kumuuliza hilo.

Hapo mtu atauliza: na Wamasai? Nilikuwa nikiwataja mimi mwenyewe kama ushahidi kwamba chakula si kitu. Ni kweli kwamba mwaka 1964 George Mann wa Marekani aliripoti uchunguzi wa wanaume 400 wa Kimasai huku kwetu, watu wa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli ya chini na dalili chache mno za ugonjwa wa moyo. Lakini mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa ya wanaume 50 waliofariki, na mafuta yalikuwamo ndani ya kuta, mengi tu. Mishipa yao ilikuwa imetanuka, damu ikapata njia. Je, ni jeni, ni kutembea kutwa, au ni kula kidogo? Kwa watu wachache hivyo, huwezi kuvitenganisha. Wala mkaa mjini anayepanda bodaboda kwenda dukani hawezi kuazima moyo wa mchungaji.

Vilevile, jeni za ugonjwa wa moyo si hizi mbili tu. Kuna mamia ya tofauti ndogondogo, kila moja ikisukuma kidogo. Mwaka 2016 utafiti wa watu 55,685 ulionyesha kwamba waliorithi hatari kubwa, wakiwa hawavuti sigara, hawana unene uliopitiliza, wanafanya mazoezi na wanakula vizuri (angalau matatu kati ya hayo manne), walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 46 kuliko wenzao wa urithi uleule walioishi ovyo. Ila vipimo vya kujumlisha tofauti hizo vimejengwa zaidi kwa damu za watu wa asili ya Ulaya, na kwa Mwafrika havibashiri vizuri. Na tusisahau kwamba kusini mwa Sahara kinachochosha moyo zaidi ni shinikizo la juu la damu, ambalo lina jeni zake na chumvi yake.

Kwa mama mdogo hapakuhitajika kipimo cha jeni. Daktari alipima kwanza tezi ya shingo, maana ikilegea nayo hupunguza ndoo. Ilikuwa salama. Akamshika kano ya kisigino, akakuta uvimbe mgumu usiouma, kama punje ya hindi chini ya ngozi. Ni kolesteroli iliyohamia huko. Kisha akauliza kuhusu ndugu. Kaka yake mama mdogo alifariki usingizini akiwa na miaka 46. Tulisema mengi wakati ule.

Kila mtoto wa mtu mwenye hali hii ana nafasi nusu kwa nusu, kwa hiyo watoto wake watatu walipimwa: 2.3, 2.7 na 5.1. Mwenye 5.1 ni kitinda mimba, ana miaka 19, mwembamba kama mama yake. Ameanza vidonge pamoja naye. Aliuliza kama na yeye aache mayai. Mama yake akamwambia ale, ila ya kuchemsha, na ya kukaanga ni kwa kijiko kimoja cha alizeti, akipime, asimimine.