Systemd haikuletwa kwa ajili ya kasi tu
Wengi bado wanadai systemd, programu inayowasha na kusimamia programu nyingine, ililetwa kwenye mfumo endeshi wa Linux ili kompyuta iwake haraka, basi. Si kweli. Kasi ilikuwemo, lakini kazi kubwa ni kusimamia huduma (programu zinazofanya kazi chinichini) hata baada ya mtambo kuwaka. Zamani skripti (faili la amri) ya folda ya /etc/init.d iliwasha huduma, mara nyingi namba ya mchakato, yaani ya programu inayoendeshwa, ikaandikwa kwenye faili, kisha skripti ikamaliza. Huduma ikifa usiku, namba inabaki palepale, na kerneli, yaani kiini cha Linux, yaweza kuipa programu nyingine kabisa namba hiyo. Ukisema "zima", unaweza kuua isiyohusika! Systemd, iliyoanzishwa 2010, huiweka huduma na michakato inayoizaa kwenye kundi moja, hivyo inajua ipi ya kuzima. Waliojitenga na Debian, toleo mojawapo la Linux, mwaka 2014 na kuunda Devuan isiyotumia systemd walipinga programu moja kushika mambo mengi mno. Hoja hiyo naiheshimu.