Injini ya boksa: chuma kilichoipa Subaru jina na lawama zake

Ukifungua boneti ya Corolla au Vitz utaikuta injini imesimama wima, silinda zimepangwa kwenye mstari mmoja, na fundi anazifikia plagi zote kwa juu. Fungua ya Subaru Impreza. Chuma kimelala chini, kimetanuka kushoto na kulia hadi kukaribia kingo za nafasi yake, na plagi zimejificha ubavuni. Hiyo ndiyo injini ya boksa. Subaru imeitumia tangu 1966, na karibu kila sifa na kila lawama unayoisikia kuhusu magari hayo, iwe Nairobi, Arusha au Colorado, inaanzia hapo.

Boksa ni injini ambayo silinda zake zimegawanywa pande mbili zinazotazamana, nusu kushoto na nusu kulia, krankishafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikipita katikati. Pistoni mbili zinazokabiliana husogea kwa pamoja: hutoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja, kama mabondia wawili wanaogonganisha glavu kabla ya pambano. Si kila injini iliyolala ni boksa, ingawa wengi huchanganya. Ziko injini za kulala ambazo pistoni zinazokabiliana zimeshika pini moja ya krankishafti, kwa hiyo moja ikienda nje nyingine inaingia ndani. Katika boksa kila pistoni ina pini yake, na hapo ndipo faida ya kwanza inapopatikana: msukumo wa pistoni ya kushoto hufutwa na msukumo wa ile ya kulia. Injini ya silinda nne za mstari mmoja hubaki na mtikisiko usioisha wenyewe, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huiongezea shafti za kusawazisha. Boksa ya silinda nne hukimbia kwa utulivu bila nyongeza hiyo.

Faida ya pili ni uzito. Injini iliyolala hukaa chini, na gari ambalo uzito wake uko chini halilali sana kwenye kona. Faida ya tatu ndiyo iliyokuja kuijenga Subaru tunayoijua. Boksa ni fupi kwa urefu, kwa hiyo inaweza kuwekwa mbele kabisa ikielekea nyuma ya gari, giaboksi ikafuata, kisha propela shafti ikanyooka moja kwa moja hadi kwenye difu ya nyuma, inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Chora mstari katikati ya gari lote na kila upande utafanana na mwenzake. Shafti za magurudumu ya kushoto na kulia zina urefu unaolingana. Magari mengi madogo yana injini iliyokaa kwa upana, kwa hiyo ukitaka kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma lazima uzikunje kona. Kwenye Subaru nguvu zinakwenda zimenyooka. Mpangilio huu ndio kampuni inaouuza hadi leo kama mfumo wake wa ulinganifu wa kuendesha magurudumu yote manne.

Wazo lenyewe si la Wajapani. Mjerumani Karl Benz alilibuni mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye Volkswagen Beetle, Citroën 2CV na pikipiki za BMW zikalieneza duniani. Wengi waliliacha baadaye, kwa sababu boksa ni ghali kutengeneza: ina vichwa viwili vya silinda badala ya kimoja, na vifaa vingi lazima viwe jozi. Kati ya watengenezaji wakubwa wa magari ya abiria, waliobaki nalo ni Porsche na Subaru.

Sasa tuje kwa waliolishikilia. Mwaka 1917 ofisa wa zamani wa jeshi la majini, Chikuhei Nakajima, alianzisha maabara ya ndege mjini Ota, mkoa wa Gunma. Ikakua hadi kuwa mmoja wa watengenezaji wakubwa wa ndege za kivita Japani. Hata Zero, ndege maarufu ya Mitsubishi, iliruka kwa injini ya Sakae iliyobuniwa na Nakajima. Japani iliposhindwa vita mwaka 1945, kampuni ilipigwa marufuku kutengeneza ndege, na mwaka 1950 ikavunjwa vipande 12. Wahandisi waliokuwa wakipigania kila gramu ya uzito angani walijikuta wakiunda skuta iliyoitwa Rabbit, ambayo mwanzoni ilitumia magurudumu ya mkia ya ndege yaliyobaki stoo.

Mwaka 1953 kampuni tano kati ya hizo ziliungana tena na kuunda Fuji Heavy Industries. Nyota sita za kwenye nembo ni kumbukumbu ya muungano huo, kubwa moja na ndogo tano, na Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo wakulima na wavuvi wetu wanaliita Kilimia.

Husemwa mara nyingi kwamba boksa ya Subaru ilitoka moja kwa moja kwenye ndege hizo. Nadhani dhana hii inapendwa kwa sababu inavutia, lakini haishiki. Injini zilizoipa Nakajima jina zilikuwa za duara, silinda zikiizunguka krankishafti pande zote. Kilichohama kutoka ndege kwenda gari kilikuwa watu na namna yao ya kufikiri. Mhandisi Shinroku Momose, aliyefanya kazi ya injini za ndege wakati wa vita, ndiye aliyeongoza Subaru 360 ya mwaka 1958, kigari cha cc 356 chenye bodi iliyobeba nguvu yenyewe bila chasi nzito chini yake, kama bodi ya ndege. Kilikuwa kidogo, chepesi, na kilizifanya familia nyingi za Kijapani zimiliki gari kwa mara ya kwanza. Kilipopelekwa Marekani mwaka 1968 hali ilikuwa tofauti kabisa. Jarida la watumiaji la Consumer Reports lilikipima na kukipa hukumu kwamba hakikubaliki, kwa sababu za usalama. Kampuni ambayo leo Wamarekani huinunua kwa ajili ya usalama ilianza huko kwa aibu ya aina hiyo.

Boksa ilikuja na gari lililofuata, Subaru 1000, Mei 1966. Momose na wenzake walitaka gari la familia linalovutwa na magurudumu ya mbele, jepesi, lenye nafasi ndani na lisilotikisika. Injini fupi iliyolala ilijibu yote kwa pamoja. Magurudumu manne hayakuwa kwenye fikra zao wakati huo. Yaliletwa na mteja. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani ambako theluji ni nyingi, ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya wakati wa baridi, kwa sababu magari ya aina ya jipu yaliyokuwepo yalikuwa ya baridi na yasiyo na starehe. Wauzaji wa Subaru wa Miyagi wakachukua gari la mizigo la kampuni na kulifungia difu ya nyuma. Kwa kuwa injini na giaboksi tayari vilikuwa vimeelekea nyuma, kazi haikuwa kubwa kama ambavyo ingekuwa kwa gari jingine. Makao makuu yakaona, na Septemba 1972 ikatoka Leone ya magurudumu manne: gari la kawaida la kuendea kazini, lisilo jipu, lakini linalopita kwenye theluji na matope. Wakati ule hakuna mwingine aliyekuwa akiuza kitu kama hicho kwa wingi.

Mwaka 1989 ilizaliwa Legacy na injini mpya ya familia ya EJ, ambayo ndiyo wengi wetu tunaifahamu. Ili kuithibitisha, kampuni iliipeleka Legacy yenye tabo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini kwa nguvu ya moshi, hadi Arizona, Marekani, na kuikimbiza kilomita 100,000 mfululizo, usiku na mchana kwa zaidi ya siku 18, kwa wastani wa kilomita 223.345 kwa saa. Kisha ikaingia kwenye mbio za magari pamoja na kampuni ya Uingereza ya Prodrive. Colin McRae, Mskoti, akawa bingwa wa dunia wa madereva mwaka 1995 akiwa kwenye Impreza, na Subaru ikachukua ubingwa wa watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997.

Kenya ina nafasi yake ya kweli katika hadithi hii. Safari Rally ndiyo iliyokuwa ikivunja magari kuliko mashindano mengine yote, kwa mawe, vumbi na mito iliyofurika. Mwaka 1993 Subaru ilileta Vivio, gari dogo la cc 660 ambalo mtu angelitumia kwenda sokoni, na Mkenya Patrick Njiru akalifikisha mwisho katika nafasi ya 12. Mwaka uliofuata Njiru alimaliza wa nne akiwa na Impreza, gari lililokuwa karibu sana na lile linalouzwa dukani. McRae akashinda Safari mwaka 1997, Richard Burns akashinda mwaka 2000, wote kwa Impreza. Watoto waliosimama kando ya barabara miaka hiyo wakitazama gari la buluu lenye rimu za dhahabu likipita ndio watu wazima wanaoagiza Impreza na Forester leo. Ukitaka kujua kwa nini Subaru ina mashabiki Kenya kwa kiwango ambacho hakionekani kwa chapa nyingine nyingi, naamini jibu kubwa liko hapo.

Hata mngurumo ule wa Subaru za tabo una sababu ya kifundi. Kwa kuwa silinda ziko pande mbili, mabomba yanayokusanya moshi kwenye injini za zamani hayakuwa na urefu sawa. Moshi wa upande mmoja ulifika kwenye tabo ukiwa umechelewa kidogo, mapigo yakaacha kulingana, na sikio likasikia ule mdundo mzito wa kukatakata. Injini mpya zenye mabomba yaliyosawazishwa hazina tena mlio huo.

Ndiyo sababu sifa ya Subaru ni mbili. Marekani, hasa kwenye majimbo ya theluji, ni gari la walimu, wauguzi na wapanda milima. Mwaka 1996 kampuni iliamua kuuza huko magari ya magurudumu manne peke yake, na uamuzi huo uliiokoa wakati mauzo yalikuwa mabaya. Kenya ni gari la kijana na kasi. Injini ni ileile.

Na lawama? Kubwa ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha silinda na mwili wa injini. Tatizo hili lilikuwa kubwa zaidi kwenye EJ25 isiyo na tabo, ya lita 2.5, ya miaka ya 1990 mwishoni na 2000 mwanzoni. Kwenye injini iliyosimama, hedi iko juu. Injini ikizimwa, oili hushuka na kuiacha. Kwenye boksa hedi iko ubavuni, na ukingo wa chini wa gasketi hulala ndani ya oili na maji muda wote. Gasketi za awali za tabaka moja hazikuhimili hali hiyo, zikaanza kuvuja, na aliyepuuza akaona gari linachemsha. Baadaye zilikuja gasketi za chuma za tabaka kadhaa, na familia mpya ya injini za FB, iliyoanza mwaka 2010, ilibadilisha mengi, pamoja na kuweka cheni mahali pa taimingi belti. Kwa hiyo kusema kwamba Subaru zote huua gasketi si haki. Kuna injini fulani za miaka fulani.

Kwamba zinakunywa mafuta pia kuna ukweli. Difu mbili na propela vinavyozunguka muda wote vina uzito na msuguano, na hilo hulipiwa kituoni. Doa zito zaidi kwa maoni yangu halihusu chuma. Mwaka 2017 ilibainika kwamba kiwandani Gunma ukaguzi wa mwisho wa magari ulikuwa ukifanywa kwa miaka mingi na watu wasioidhinishwa, na mwaka 2018 mkuu wa kampuni, Yasuyuki Yoshinaga, akaachia nafasi hiyo. Kampuni inayojenga jina lake juu ya usalama ilistahili kulaumiwa kwa hilo.

Mei 2024 Subaru ilisimama pamoja na Toyota, ambayo inamiliki takriban asilimia 20 ya hisa zake, na Mazda, wakatangaza kwamba kila mmoja anaunda injini mpya za kufanya kazi sambamba na mota za umeme. Subaru ilisema injini yake itabaki boksa.

Kwa anayenunua iliyotumika kutoka Japani, mpangilio huu una masharti mawili ambayo muuzaji mara nyingi hayataji. Kwanza, iangalie injini ikiwa baridi, asubuhi, kabla haijawashwa: fungua chombo cha maji uone kama kuna oili inayoelea, kisha ingia chini na tochi utazame ukingo wa chini wa hedi zote mbili kama una unyevu. Pili, matairi. Magurudumu manne yanapofanya kazi pamoja yanahitaji mzingo mmoja. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika huilazimisha difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kufanya kazi muda wote kana kwamba gari liko kwenye kona, hadi ipate joto na kuharibika. Badilisha manne kwa pamoja, na gari likiharibika njiani usikubali livutwe magurudumu mawili yakiwa yameinuliwa na mawili yakizunguka barabarani. Dai gari la kubebea.