Je, wajua kwa nini ndugu wa tumbo moja hutofautiana rangi?

Nyumba nyingi za Lamu zina ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambao mmoja ni maji ya kunde, mwenziwe mweusi, na wa tatu mweupe kuwapita wazazi wote wawili. Maneno ya mtaani hayakosi: kweli baba ni mmoja?

Wengi hudhani damu za wazazi huchanganyika, mtoto akatoka katikati. Ingekuwa hivyo, ndugu wote wangelingana rangi, na baada ya vizazi kadhaa mji mzima ungekuwa wa rangi moja. Waliosoma njegere za Mendel, mtawa aliyechunguza urithi katika mimea (1866), nao hukosea kwa njia yao: hutafuta jeni, yaani kipande cha urithi, moja ya weusi na moja ya weupe. Rangi ya ngozi hutokana na jeni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo.

Chukua kete za bao. Tuseme jeni ni tatu tu, na kila mzazi ana jozi tatu za kete, kila jozi nyeusi moja na nyeupe moja. Mtoto hupewa kete moja kutoka kila jozi, kwa bahati tu, kwa baba tatu na kwa mama tatu. Migao inayowezekana ni 64. Katika 20 mtoto hupata nyeusi tatu, sawa na wazazi. Katika 15 nne, katika 15 mbili. 6 huleta tano, 6 moja. Mgao mmoja tu huleta nyeusi zote sita, na mmoja hauleti hata moja. Kete haziyeyuki: iliyofunikwa kwa mama huibuka kwa mjukuu.

Hali halisi ni tata zaidi. Kete hazina uzito sawa. Jeni iitwayo SLC24A5 ina nguvu kuliko nyingi. Jua nalo huongeza lake. Na pwani hii kete ni za namna nyingi: DNA ya watu wa kale waliozikwa Manda, Faza na Mtwapa, iliyotangazwa 2023, ilionyesha mchanganyiko wa Waafrika, hasa upande wa akina mama, na Waajemi, hasa upande wa akina baba, ulioanza yapata mwaka 1000.

Kwa hiyo rangi haimthibitishi baba wala haimkani. Kipimo cha DNA chenyewe hakiangalii rangi; hulinganisha sehemu nyingine kabisa za DNA, kwa kawaida 15 au zaidi.